Runinga mpya, stereo ya zamani: sauti inapitaje?

Ndugu uliyeuliza jinsi ya kuunganisha runinga mpya na stereo yako ya zamani, usiuze hiyo stereo. Spika za zamani mara nyingi huzishinda kwa mbali zile nyembamba zilizofichwa nyuma ya runinga mpya. Umesema runinga ina HDMI na tundu lililoandikwa OPTICAL tu, na stereo ina matundu mekundu na meupe. Hayo hupokea sauti ya analogi, runinga inatoa ya dijitali, kwa hiyo waya pekee hautatosha. Tafuta kibadilishi cha sauti, kile kiboksi kidogo kinachoitwa DAC, kinachogeuza sauti ya dijitali kuwa ya analogi. Waya wa optiko utoke kwenye runinga uingie humo, kisha waya wa RCA, ule wenye vichwa vyekundu na vyeupe, uende kwenye stereo: nyekundu kulia, nyeupe kushoto.

Sasa jambo linalowakwamisha wengi: ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga uchague PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa. Ukiiacha kwenye Dolby, yaani sauti iliyobanwa, vibadilishi vingi vya bei nafuu havitatoa chochote, au vitakoroma tu, nawe utadhani umeuziwa kibovu.

Kwenye stereo chomeka AUX, CD au TAPE. PHONO usiguse kabisa! Hiyo ni ya santuri, inakuza mawimbi dhaifu sana, na sauti ya DAC itatoka imechafuka vibaya.

Lakini ukikagua tena ukakuta runinga ina tundu la hedifoni, anza na hilo: waya wa milimita 3.5 kwenda RCA unatosha, bila kiboksi. Zima stereo kabla ya kuchomeka.