Jibu: Trela inapiga mkia nyuma ya Coaster

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umesema Coaster yako uliyoigeuza ya kulala, ikivuta trela ya boti na kushuka kilima cha Mkoani, trela inapiga mkia, yaani inayumba huku na huku, hadi usukani unacheza. Yangu ilinifanyia hivyo hivyo.

Anza na uzito. Mashine ya boti iko nyuma, na wengi wetu tunarundika petroli na nanga huko huko, shingo ya trela, yaani ile sehemu ya mbele inayokaa kwenye ndoano ya gari, inabaki nyepesi. Iweke shingo juu ya mizani ya kupimia watu: isome kama asilimia 10 ya uzito wote wa trela pamoja na boti. Yangu ina kilo 700, nikakuta kilo 25 tu! Nikasogeza boti mbele shubiri moja na nusu, nanga nikaitia garini. Kuyumba kukaisha. Coaster nayo ina mkia mrefu nyuma ya tairi, kosa dogo linakuwa kubwa.

Trela ikianza kuyumba, tafadhali usikanyage breki kwa nguvu. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa. Kilima kishuke na gia ndogo tangu juu.

Minyororo ya usalama ya kuunga trela na gari iwe miwili, ipishane chini ya ndoano.

Halafu beringi za magurudumu ya trela. Unaposhusha boti, usizitumbukize baharini zikiwa bado za moto, zikipoa ghafla zinanyonya maji ya chumvi. Mimi nilifungua, grisi ikatoka nyeupe kama tui. Sasa nasubiri mpaka nikigusa katikati ya gurudumu kwa kiganja pawe pamepoa.

Trela yako ina breki zake au haina?