Vipimo vya maabara haviandikwi kwenye karatasi ya pembeni

Swali: Nasoma kemia mwaka wa pili. Tunatafuta kiasi cha asidi kwenye siki kwa kutitresha na sodiamu haidroksaidi, yaani kuidondosha kidogo kidogo hadi asidi yote iishe. Maabarani naandika vipimo kwenye karatasi, usiku navinakili daftarini kwa mwandiko mzuri. Msimamizi amelikataa daftari, anasema si kumbukumbu. Nilipata mililita 22.45, 22.50 na 23.10, hicho cha mwisho nilikiacha. Nimekosea wapi?

Jibu: Kwenye hiyo karatasi. Anayenakili anachagua, ndiyo maana 23.10 haikufika daftarini na hakuna atakayejua ilikuwapo. Dhana kwamba daftari zuri ni lile lisilo na doa inaniudhi kuliko zote, na kila mwaka wanafunzi waliotangulia wanawarithisha wadogo zao.

Andika hapo hapo, kwa bolpeni. Wino wa jeli mara nyingi huchuruzika ukidondokewa na maji. Bureti, ule mrija wenye vipimo unaodondoshea, ikiwa na mistari ya mililita 0.1 husomwa hadi 0.05. Andika usomaji wa mwanzo, tuseme 0.35, na wa mwisho, 22.80, ndipo utoe. Ukibakiza tofauti peke yake, hata wewe hutagundua kwamba mwanzoni ulisoma vibaya. Tena ni 22.80, si 22.8: sufuri hiyo inaonyesha ulisoma kwa makini kiasi gani. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja kosa libaki linasomeka, kisha weka pembeni namba sahihi, sababu, tarehe na saini. Usipake wino mweupe.

Sodiamu haidroksaidi hunyonya kaboni dayoksaidi ya hewani na nguvu yake hushuka. Kwa hiyo "0.1 M" (moli 0.1 kwa lita) ya kwenye lebo haitoshi, andika ilihakikiwa lini, na kwa gramu ngapi za potasiamu haidrojeni fthalati, asidi safi ya unga inayotumika kuihakiki.

Sasa 23.10. Je, kulikuwa na kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti? Kikitoka katikati ya kazi, ujazo husomeka mkubwa kuliko uliotumika. Kama ulikiona ukakiandika wakati ule ule, unaweza kutoitumia namba hiyo kwenye wastani, lakini daftarini inabaki. Kama hukuona sababu, rudia titresheni. Karatasi ulizonazo zibandike zilivyo, saini yako ipite juu ya ukingo wake.

Robert Millikan, aliyepima chaji ya elektroni, mwaka 1913 alichapisha vipimo vya matone 58 ya mafuta akasema hakuchagua. Madaftari yake yana matone mengi zaidi. Kazi yake inaweza kuhojiwa hadi leo kwa sababu madaftari hayo hakuyatupa.

Wanaouza ripoti za maabara zilizokwisha andikwa wanawauzia vijana hasara. Namba zao hutambulika mara moja: titresheni tatu, zote 22.50, bila tarehe wala joto la chumba. Aliyezoea kupika data za siki kesho ataajiriwa kupima dawa au maji ya kunywa, na huko namba ya kubuni itamfikia mgonjwa ikiwa na muhuri.