Kusikiliza kitabu au kukisoma, mi nachagua hivi

Kwa miaka mingi ukiniuliza kati ya kitabu cha sauti na cha karatasi bora kipi, nilikua nakujibu karatasi, basi, wala sifikirii mara mbili. Nilikua naamini kabisa kwamba mtu anayesikiliza kitabu hajakisoma, kasimuliwa tu. Aliyenibadilisha ni mama.

Mama yangu ni msomaji wa siku zote, yule ambaye hata gazeti lililofungia kitu dukani analikunjua asome kwanza. Afu akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kabla ya upasuaji ilibidi asubiri miezi kadhaa na miwani ilikua haisaidii tena. Nikachukua simu yangu ya zamani nikaijaza riwaya za sauti nikampelekea. Siku ya kwanza akakataa, akaniambia mwanangu mi nimezoea kusoma, hii redio nitaifanyia nini. Siku ya tatu kanipigia simu amekasirika kweli, si na mimi, na mhusika mmoja wa kwenye riwaya aliyemtelekeza mdogo wake, na akanieleza kisa kizima kuanzia mwanzo na majina yote na nani alimwambia nani nini. Sasa mtu kama huyo nimwambie hajasoma kitabu? Kwakweli sikuweza, na tangu siku hiyo hayo maneno sijayasema tena.

Na ukiangalia historia utaona hivi vitabu havikuanza kama anasa ya watu wenye haraka. Vilianza kwa ajili ya wasioona, Marekani mwaka 1934 na Uingereza mwaka 1935, vikiwa kwenye santuri, na wale wa Uingereza upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika 25 za kusoma kwahiyo riwaya moja ilikua ni rundo la santuri. Miongoni mwa waliofikiriwa kwanza walikua askari waliopofuka kwenye Vita Kuu ya Kwanza, watu waliokua wakisoma vizuri tu halafu ghafla hawawezi. Nikisikia mtu anadharau kusikiliza nawakumbuka hao.

Ila sasa nisikudanganye kwamba ni kitu kilekile, sio. Baada ya yale ya mama na mimi nikaingia kwa nguvu zote, nikachukua kitabu cha uchumi, kizito, nikakisikiliza wiki mbili nikiwa natembea. Nilikimaliza. Rafiki yangu akaniuliza kinasemaje na nikabaki na sentensi mbili tatu tu, yaani saa kumi na zaidi za kusikiliza na nimetoka na sentensi tatu, iliniuma sana. Nikatafuta kile kile cha karatasi, na ndo nikaona tofauti iko wapi: jicho linarudi nyuma. Ukisoma, macho hayaendi mstari ulionyooka, yanaruka na kila mara yanarudi kwenye neno ambalo halikukaa sawa, na wewe mwenyewe hata hujui kama umerudi. Ukifika pagumu unapunguza mwendo bila kuamua. Msimulizi yeye hajui kama umebaki nyuma, anaendelea tu. Kitufe cha kurudisha kipo ndio, lakini lazima kwanza ugundue kwamba umepotea, utoe simu, ubonyeze, na mara nyingi ukigundua ameshavuka kurasa tatu.

Kwahiyo kabla sijachukua kitabu siku hizi najiuliza kitu kimoja tu, je hiki nitahitaji kurudi nyuma? Kama ni cha kujifunzia, kina hesabu, kina michoro, kina hoja inayojengwa hatua kwa hatua, nachukua karatasi na penseli sina mjadala. Kama ni riwaya au mtu anasimulia maisha yake mwenyewe, sikio. Hasa mtu akiwa anasoma maisha yake kwa sauti yake, pale anaposita na pale sauti inapokauka, hayo karatasi haiwezi kukupa. Mashairi nayasikiliza kwanza halafu nayasoma. Na kama unajifunza lugha ngeni fanya vyote kwa pamoja, kitabu mkononi na sauti masikioni, mi Kifaransa changu cha matamshi nilikipata hivyo.

Muda nao uuangalie. Wasimulizi wengi wa Kiingereza wanasoma kama maneno 150 kwa dakika, na mtu mzima akisoma kimyakimya wastani ni kama 240, kwahiyo kitabu cha maneno 90,000 ni kama saa kumi kwa sikio na saa sita na kidogo kwa jicho. Watu wanakimbilia kuongeza spidi, mi nakushauri kwenye riwaya usizidishe 1.25, ukienda mara mbili unapata matukio lakini ile pumzi ya msimulizi imekufa, na ndo uliyoifuata.

Afu sikiliza dakika tano za mwanzo kabla hujalipia, sauti ikikukera dakika ya pili itakukera saa ya tisa. Tovuti ya LibriVox ipo tangu 2005, ni bure, wanasoma watu wanaojitolea vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha, sauti zinatofautiana sana lakini pa kuanzia ni pazuri. Sikiliza ukiwa na kazi ya mikono isiyotaka maneno, kuosha vyombo, kukunja nguo, kufagia. Ukiwa unajibu meseji, zima kitabu, hapo unajidanganya, maneno na maneno hayakai pamoja kichwani. Barabarani acha sikio moja wazi. Na usiku weka taima ya dakika 20, la sivyo utaamka kitabu kiko sura ya mwisho na umeshajua nani kafa.

Mama alifanyiwa upasuaji, macho yakarudi. Mchana anasoma karatasi, usiku akishazima taa anasikiliza, na ile simu ya zamani nimeiomba mara mbili hataki kunirudishia.