Fungueni makasha kwanza, wadogo zangu

Juzi nimewakuta wanagenzi wetu watatu wamekaa sakafuni katikati ya ukumbi mtupu, saa ya pili hiyo wanabishana kama neno "mwili" kwenye maandishi ya ukutani lianze kwa herufi kubwa. Ufunguzi wa maonyesho yao ya sanaa ni Alhamisi. Makasha manne yamesimama kando yao, hata skrubu moja haijalegezwa. Nikamuuliza mmoja, kazi ya tatu ina upana gani? Akatoa simu, akafungua picha.

Picha haina upana, jamani.

Nilitoka nje nikavuta pumzi, kwa sababu huyo aliyekuwa anatazama simu nilimfahamu vizuri. Ni mimi, miaka 12 iliyopita. Haya, kaeni karibu.

1. Pima kazi yenyewe, pamoja na fremu na kina chake, kisha kapime mlango. Kuna kazi inayoenea ukutani ila mlangoni haipiti.

2. Kutundika. Chagua kimo kimoja cha katikati ya kazi, kati ya sm 145 na 155 kutoka sakafuni, na usikiache ukumbi mzima. Kazi ina kimo cha sm 80, waya ukivutwa unafika sm 6 chini ya ukingo wa juu, mstari wenu ni 150: unachukua 150, unaongeza 40, unatoa 6, msumari unakaa 184. Kila mwaka kuna anayesahau kutoa ile 6, na kila mwaka nashika puti kuziba matundu. Aliyefanya hivyo mwaka jana anajijua. Nampenda sana, lakini anajijua.

3. Ripoti ya hali ya kazi. Hapa mnivumilie.

Maonyesho yetu ya wanagenzi tuliyaandaa watu sita, tukichagua baadhi ya kazi kwenye mkusanyiko wa jumba na kuazima nyingine kwa wasanii. Mimi nilipewa mapokezi na ufungashaji, kwa kuwa nilijisifu kikaoni kwamba naweza. Kati ya kazi za kuazima kulikuwa na picha moja ya akriliki, ile rangi yenye asili ya plastiki, buluu iliyoiva, sm 120 kwa 120, rangi imepakwa tabaka juu ya tabaka mpaka uso ukawa kama maji yaliyotulia. Haikuwa na kioo wala fremu. Msanii wake, mama mpole asiye na maneno mengi, aliileta mwenyewe. Nikajaza fomu ya mapokezi. Penye "hali" nikaandika neno moja: nzuri. Sikupiga picha. Tarehe nayo sikuweka, maana nilikuwa nakimbilia kurekebisha aya yangu ya nne ya maandishi ya ukutani. Nafikiri ilihusu ukimya.

Maonyesho yakaisha. Jioni ya kushusha kazi ukutani wenzangu walishatangulia kwenda kusherehekea, nami nikabaki na kazi tatu za mwisho. Nikachukua plastiki ya viputo, nikaigeuza viputo vitazame ndani, kwa hoja kwamba kilicho laini ndicho kiguse kazi. Nikaizungushia mara tatu, nikakaza kwa utepe wa gundi kama mtu anayefunga godoro la kuhamia. Nikaiegemeza ukutani stooni, na zile mbili nyingine nikaziegemeza juu yake. Stoo ilikuwa na joto. Nikazima taa nikaenda zangu.

Jumatatu mama akaja kuchukua kazi yake, akaomba aione kabla ya kusaini. Nikakata utepe kwa madaha kabisa. Plastiki haikudondoka. Ilibanduka taratibu, na sauti ile ya plasta inapovuliwa kwenye kidonda. Mama hakusema kitu. Aliinama, akawasha tochi ya simu, akailaza sambamba na kanvasi. Ndipo nikaviona: viduara vidogo, mamia kwa mamia, vimepangana safu kwa safu toka kona hii hadi kona ile, kama shamba lililopandwa kwa kamba.

Akaniuliza, "Ulifunga wewe?"

Nikajibu, "Tulifunga."

Kati ya yote niliyoyafanya wiki ile, hiyo "tu" ndiyo inayoniamsha usiku.

Bima wakataka picha za kazi ilivyofika. Hazipo. Wakataka ripoti, wakapewa "nzuri" isiyo na tarehe. Mhifadhi akahangaika na ile kazi, viduara vingine vikafifia, vingine mpaka leo vipo. Fundi wetu mkuu hakunifokea, na afadhali angefoka. Aliniambia tu kwamba akriliki hukauka lakini haigandi ikawa jiwe. Ikipata joto inalainika, na chochote kilichoibana kinaacha alama. Kwa hiyo uso wa akriliki usiguswe na kitu. Hata glasini, ile karatasi laini ya kufungia kazi, inaweza kunata. Tengeneza fremu ya safari, kazi ishikwe kwa nyuma, plastiki izunguke fremu kwa nje, viputo vikitazama nje. Na ripoti ijazwe mbele ya mwenye kazi: picha ya mbele, ya nyuma, ya kona zote nne, tochi ikimulika kutoka ubavuni, tarehe, saini mbili.

4. Glavu za pamba huteleza kwenye fremu. Vaeni za naitraili, zile nyembamba kama za mpira.

5. Taa, kwa lux, yaani kipimo cha mwanga unaoangukia kazi: kazi za karatasi lux 50, za rangi ya mafuta 200 hivi. Mwanga uliokwisha kula rangi haurudishi.

6. Geuza kazi utazame mgongoni kabla ya kuitundika, tafuta mshale na saini. Msicheke. Mwaka 1961 jumba la sanaa ya kisasa la MoMA, New York, lilitundika kazi ya msanii Mfaransa Matisse, Le Bateau, juu chini kwa siku 47, na ikagunduliwa na mtazamaji. Wale walikuwa na wataalamu. Ninyi mna kundi la ujumbe lenye watu sita, na kila mmoja ni mkuu wa maonyesho. Teueni mmoja wa kukata shauri, hata kama ni yule msiyempenda.

7. Maandishi ya ukutani maneno 150, na jina la msanii lisomwe na mtu ambaye hakuliandika. Herufi kubwa mtaamua wenyewe.

Nilikuwa na la nane, kuhusu vidoti vyekundu vinavyobandikwa penye kazi iliyouzwa, na mtu aliyeubandika ubao wa umeme akidhani ni kazi. Lakini nasikia stooni kuna mtu anapasua viputo kwa kidole, pa, pa, pa, na sijui bado ni roli tupu au imeshazungushiwa kitu. Naja.