Kidonda cha punda kisichopona: sugua kwanza, dawa baadaye

Kama una punda wa kazi hapa Lamu, kidonda kitazame kwa umri wake kabla ya ukubwa. Mkwaruzo mrefu wa jana unaotoa damu safi haunitishi sana. Kinachonitia wasiwasi ni kile kidogo cha begani, chini ya tandiko, ambacho wiki tatu zimepita na kingo zake hazijasogea hata kidogo.

Vijana wanaoteremsha mchanga na mawe forodhani huniita mara kwa mara kwa ajili ya vidonda vya namna hiyo.

"Ami, nimempulizia dawa tena asubuhi, na sindano ameshapigwa."

"Umemwosha kwanza?"

Mara nyingi hajaoshwa. Dawa imerundikwa juu ya dawa, rangi juu ya rangi, na chini yake kuna ute.

Bakteria wakikaa kwenye kidonda muda mrefu hawabaki wakielea mmoja mmoja. Hujigandisha kwenye nyama, wakatoa ute wa sukari na protini, wakajifunika nao wote pamoja. Wataalamu huuita utando huo bayofilamu. Ute huchelewesha dawa kupenya, na walioko ndani kabisa wamepunguza kukua, ilhali dawa nyingi za kuua bakteria, penisilini ikiwemo, huwapata vizuri wale wanaokua na kugawanyika. Katika vipimo vya maabara, bakteria waliojifunika hivyo wameweza kuhimili dawa kwa kiwango cha hadi mara 1,000 kuliko wakiwa peke yao. Ndiyo maana sindano hukausha usaha siku mbili tatu, kisha kidonda kikarudi kulekule.

Mabaharia wetu wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Ute wa chini ya jahazi ni utando wa aina hiyohiyo, na hakuna fundi anayepaka deheni, yale mafuta ya kukinga ubao, juu yake. Maji yakipwa, chombo hulazwa, kikasuguliwa mpaka ubao uonekane, ndipo kikapakwa.

Utando wenyewe kwenye kidonda hauonekani wazi kwa macho, kwa hiyo fuata dalili: kidonda kinang'aa na kuteleza, nyama ni ya kijivu au imepauka, kuna harufu, na ukifuta leo kesho ute umerudi.

Namna ninavyofanya ni hii. Nachemsha maji, nayaacha yapoe, natia chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu lita. Mtu mmoja anamshika punda kichwa na kumtuliza. Usimfunge miguu kwa kamba ya nailoni, utaongeza kidonda kingine. Narushia maji kwa bomba kubwa la sindano lililotolewa sindano yake, kisha nasugua kwa shashi safi, polepole lakini bila kuogopa. Shashi ya kwanza hutoka na ute wa manjano unaovutika kama nyuzi. Naibadilisha. Ya tatu au ya nne hutoka na vitone vya damu nyekundu, na nyama chini imekuwa ya waridi. Hapo ndipo dawa inatiwa, papo hapo, kwa sababu utando huanza kujijenga upya ndani ya siku moja hadi tatu. Siku zinazofuata kazi ni hiyohiyo. Nyama iliyooza ndani, au shimo lenye kina, mwachie daktari wa mifugo mwenye vifaa na ganzi.

Maji ya bahari ya hapa mbele ya mji usiyatumie. Mitaro yetu inaishia humo. Oili chafu ya injini, majivu na maji ya betri viache kabisa, vinaunguza nyama mpya inayojaribu kuota.

Na tandiko je? Ukiosha kila siku kisha ukarudisha sogi palepale penye kidonda, unafanya kazi bure. Apumzike. Najua mchanga ni riziki ya siku, nami naishi kwa hiyo riziki, lakini punda mwenye mgongo uliooza hatakubebea hata mwezi ujao.

Wenye ng'ombe wa maziwa kule ng'ambo bara, vijiji vya Hindi na Mpeketoni, wanapambana na adui huyohuyo kwenye kiwele. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hujificha ndani ya tezi za maziwa na kujifunika, na ng'ombe anayeonekana amepona akaugua tena. Huko huwezi kusugua. Muite daktari mapema, maliza dozi yote, na mkame mgonjwa mwisho baada ya wazima.

Kwa punda, kituo cha Donkey Sanctuary kilichofunguliwa hapa mjini mwaka 1987 kimekuwa kikitibu bila malipo. Mpeleke kidonda kingali kichanga, na uulizie pia chanjo ya pepopunda, kwani vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na mavi tunayokanyaga vichochoroni kila siku.