Wakiongea tu, tamthilia imeisha

Mwaka 2014 nilimkimbia mume wangu. Nasema nilimkimbia, ila kwa kweli nilitembea taratibu mno, makusudi, ili anikute njiani.

Tuligombana Ijumaa usiku kwa jambo ambalo mkilisikia mtanicheka: mchango wa harusi ya binamu yake, na mimi kuja kusikia kwa watu kiasi alichoahidi. Asubuhi nikapanga begi. Halikuwa begi la mtu anayehama. Niliweka doti moja ya khanga, magauni matatu na chaja. Nikafunga mlango kwa kishindo, nikapanda daladala hadi stendi ya Ubungo. Basi la kwanza la Morogoro likajaa likaondoka. La pili nalo. Mimi nipo kwenye benchi, begi mapajani, macho getini. Kipande hiki nilishakiona mara nyingi kwenye filamu: jamaa anaingia mbio, shati limelowa, anapenya katikati ya watu akiita jina, binti anageuka, muziki unapanda.

Aliyekuja ni muuza maji. Akafuata muuza miwani. Kisha mpiga debe mmoja akanisogelea: "Dada, unasafiri au unasindikiza?"

Nikasafiri. Tulipofika Chalinze, natafuna korosho kwa hasira, ujumbe ukaingia: "Umefika? Halafu ufunguo wa stoo umeuweka wapi, mkaa uko ndani." Kumbe mwenzangu alijua nimekwenda kumsalimia mama, maana wiki ile nilikuwa nimemwambia nimemkumbuka. Kile kishindo cha mlango alidhani ni upepo.

Naandika haya kwa sababu wadogo zangu wananiletea kesi, na nyingi nikizisikiliza naliona lile benchi la Ubungo.

Picha, yaani filamu, imetuingia hadi kwenye ulimi. Mtu akitaka kusimulia alivyogombana na konda anaanza, "Sasa picha linaanza..." Na katika hilo picha lake yeye ndiye steringi, na steringi hafi. Mdogo wangu wa kiume aliiamini hiyo, akamfukuza kibaka peke yake uchochoroni Manzese. Kibaka hakuwa peke yake. Mdogo wangu mpaka leo havai mikono mifupi.

Enzi za mama, picha ilikuwa na geti. Kabla hajahamia Morogoro aliwahi kupelekwa na baba Drive-in ya Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Mnaingia na gari, mnaangalia, mnatoka, picha mnaiacha Msasani. Televisheni yenyewe Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Sisi tulikuwa tunakwenda banda umiza, vile vibanda vya video, tunabanana kwenye mabenchi, Lufufu anatutafsiria picha za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani hadi adui wa Kichina anaonekana kama mtu wa Tandika. Hata pale ulilipa, ukaingia, ukatoka na jasho lako. Leo ipo kwenye simu, chini ya mto.

Mwigizaji Kanumba alipofariki, Aprili 2012, mtaa wetu ulilia kama umefiwa na ndugu. Mpwa wangu alikuwa na miaka sita. Filamu zetu wakati ule ziliuzwa pati wani na pati tuu, na huyu mtoto alishamwona Kanumba akipatwa na makubwa kwenye pati wani. Akaniuliza, "Shangazi, pati tuu inatoka lini?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia mama yake aliyekuwa jikoni, naye akazima jiko akaja akakaa naye chini. Kama una mtoto anayeangalia, kaa naye chini mapema.

Turudi kwenye ndoa. Unapoangalia filamu, wewe upo vyumba vyote viwili. Mke akijifungia chumbani analia, kamera imeingia naye. Mume yuko sebuleni amekamata picha ya harusi, kamera iko naye pia. Kwa hiyo wewe mtazamaji unajua kila mmoja anamwaza mwenzake, na ukiona wanachelewa kupatana unawapigia kelele. Nyumbani kwako upo chumba kimoja tu. Machozi yako ya chumbani hayana kamera, na mwenzako sebuleni anaangalia mpira.

Mimi pia ni mgonjwa wa tamthilia za Kituruki, hizi zilizotiwa sauti za Kiswahili, kwa hiyo msidhani nazisema kwa dharau. Lakini jueni zinavyotengenezwa. Kule kwao sehemu moja ya wiki inaweza kuzidi saa mbili, na inabidi ijazwe. Ndiyo maana binti anaona barua, anaificha, anakohoa, anaangalia bahari, anapiga simu anakata. Wakiongea tu, tamthilia imeisha, na watu hawana kazi. Sasa wewe unajifunza kununa kwa mtu anayelipwa ili asipatane na mwenzake!

Ninalofanya siku hizi ni dogo. Nikihisi hasira najiuliza: hili nimemwambia, au nimemwigizia? Kufunga mlango kwa kishindo ni kuigiza. Kuosha vyombo kwa kelele ni kuigiza. Statasi ya WhatsApp ya saa tano usiku, "wengine mungejua thamani ya mtu," ni kuigiza, tena mbele ya watazamaji mia mbili huku mlengwa ameshalala. (Najua mtaniambia mafumbo ni yetu tangu zamani, khanga zilikuwa zikisema. Kweli. Ila ile khanga ulijifunga ukapita mbele ya mlengwa mchana kweupe, naye akaisoma.) Kumwambia ni hivi: "Umeahidi hela bila kunishirikisha, nimeumia, na leo nataka tukae tuhesabu." Haina muziki. Mara ya kwanza nilijisikia mjinga kuitamka.

Na jambo moja sitaki mlichanganye na hayo. Kwenye picha mwanamume anayekuvuta mkono, anayekuvizia kazini, anayevunja simu kwa wivu, mwishoni anageuka kuwa ndiye mwenye mapenzi ya kweli. Mtaani huyo ni hatari. Kama ndiye uliye naye, haya ya kuongea hayakuhusu. Ondoka, na usikae kwenye benchi kumngoja.

Mume wangu siku hizi anaangalia tamthilia na mimi, akijifanya anasoma simu. Kila baada ya dakika kumi: "Sasa kwa nini asimwambie tu?" Namwambia anyamaze.

Mwezi uliopita nilikwenda tena kwa mama. Mume wangu akanisindikiza hadi stendi ya Mbezi. Kabla sijapanda nikamwambia wazi: nataka usimame hapo, unipungie mkono mpaka basi lipotee. Akaniangalia, akacheka, akasimama. Basi likachelewa kutoka karibu robo saa, konda anahangaika na abiria aliyekaa kiti cha mwenzake, na baba watoto bado anapunga, watu wanamshangaa. Mkono ule ule ulikuwa na ufunguo wa stoo.