Kwa dijei anayeanza Mbeya: sikiliza ki kabla ya kugusa kasi

Ukiingiza nyimbo kwenye programu za dijei kama VirtualDJ au rekordbox, kila wimbo unapewa namba mbili: kasi, yaani BPM (idadi ya biti kwa dakika), na ki, yaani ufunguo. Vijana wengi wanaoanza hapa Mwanjelwa huangalia ile ya kwanza tu. Biti zikilingana wanaona kazi imekwisha. Lakini kasi siku hizi kompyuta inakulinganishia kwa kitufe kimoja. Kinachokuaibisha ukumbini ni ki.

Kama umewahi kuimba kwaya, iwe ya Moravian, KKKT au Katoliki, nusu ya somo unayo tayari. Mwalimu akisema "do ni C" amewapa ki. Noti zilezile, wimbo ukitulia kwenye la badala ya do, ni A maina. Ndiyo maana kwenye gurudumu la Camelot, duara la madijei linalopanga ki kwa namba 1 hadi 12, B zikiwa meja na A zikiwa maina, C meja ni 8B na A maina ni 8A. Kutoka 8A nenda 8B, 7A au 9A bila wasiwasi: ukisogea namba moja, noti inayobadilika ni moja tu kati ya saba. Ukirukia 3A umepanda nusu toni, na ukizipiga pamoja ni kama kwaya mbili zinazoimba wimbo mmoja, hii imepewa do ya C, ile C shapu.

Kasi nayo huvuta ki. Wimbo wa BPM 100 ukiupeleka 106 umeongeza asilimia 6, ambayo ni takribani nusu toni. Usipofunga ki, yaani kubonyeza kitufe kinachozuia ki kisibadilike pamoja na kasi, 8A yako imeshakuwa 3A. Basi funga, ila usidhani kitufe hicho kinafanya miujiza, hasa kwenye rimiksi. Sauti ya mwimbaji iliyorekodiwa kwa 96 ukiivuta hadi 112 ya amapiano ni karibu asilimia 17. Maneno yanakimbizana na sauti inaanza kukwaruza. Mimi hushusha mdundo hadi 104 hivi. Amapiano ya 104 inachezeka vizuri tu, asikudanganye mtu.

Tena kwenye amapiano uwe macho zaidi, kwa sababu lile besi lake, logi dramu, lina noti na linaimba. Mgongano wa ki unasikika hapo kuliko kwenye kinanda. Kwa BPM 112, biti 32 zinapita kwa sekunde 17 hivi, na muda wako wa kuhamia wimbo mwingine ndio huo. Naanza wimbo wa pili mwanzoni mwa mzunguko huo, besi yake nimeizima kabisa, zinasikika kayamba na matoazi tu. Kidole kiko kwenye besi ya wimbo wa kwanza. Biti 32 zikiisha, naizima hii na kufungua ile kwa mpigo mmoja. Besi mbili zisikutane hata kama namba zinafanana, hasa kwenye kumbi zetu zenye bati tupu bila dari.

Namba zenyewe usizimeze nzima. Wimbo wa 106 unaweza kuandikwa 53, na singeli ya 200 ikaandikwa 100. Hilo la pili ukilijua ni faida: bongo fleva ya 100 inaingia kwenye singeli ya 200, biti moja kwa mbili. Kwenye sherehe ya kipaimara vijana watakushukuru, wazee watakwenda kukaa wenyewe. Kwa upande wa ki, vaa hedifoni, imba kwa mdomo uliofumba ile noti wimbo unapotulia, kisha fungua wimbo wa pili huku bado unaishikilia. Ukijikuta unaiteleza sauti ili ukubaliane nao, tafuta wimbo mwingine.

Zile za dansi za miaka ya 1970 na 1980, ambazo wazazi lazima waziombe, hazimo kabisa kwenye hesabu hii. Bendi ilipiga moja kwa moja bila metronomu, kile kifaa cha kushikilia kasi, na wakifika kwenye chemko, sehemu ya kuchezesha watu, kasi inapanda. Magitaa nayo mara nyingi yapo juu au chini kidogo ya A ya hezi 440, kipimo cha kawaida cha kutuni ala, hivyo programu inakisia ki. Usibonyeze kitufe cha kulinganisha. Mwachie MC aseme maneno mawili, kata wimbo uliopo, kisha uachie wa dansi kuanzia gitaa la mwanzo, kwa kasi yake ileile uliyorekodiwa nayo.